Mstari wa Mwisho

Wanauliza ni msichana gani.
Hombolo nzima inataka jina lake,
mrefu au mfupi, wa Kondoa au wa mjini,
na alinitilia nini kwenye chai.

Hakuna msichana. Kulikuwa na mabomba,
kumi na mawili, ya shaba, msikitini Majengo,
mwaka ule nilipokuwa najifunza ufundi.
Niliyafunga ukutani, nikayafungulia maji
nione kama yanavuja.
Akaingia mchukuzi wa sokoni,
unga wa mahindi mpaka kwenye kope,
akaketi juu ya kibao cha saruji
akaosha miguu yake mwenyewe
kidole kwa kidole, bila haraka,
kama anayemwosha mgeni.

Mimi nimekulia nyumba ambayo ndoo moja
hupikia, huogea, kisha humwagiwa mche.
Kesho yake nilirudi. Nilisema kuna bomba linavuja.
Halikuvuja.

Miezi minane baadaye, Ijumaa,
Maalimu Ramia aliniuliza: "Jina?"
"Zakaria."
Akacheka kidogo. "Basi baki nalo.
Lilitufikia kabla yako."

Jina hilo alinipa baba,
Mwinjilisti Elieza Chidawali,
alilitoa kwa Luka, sura ya kwanza,
mvi zikiwa zimeshamtangulia mtoto.
Zakaria wa kitabu chake alipigwa ububu.
Wa kitabu changu alipewa ukimya wa siku tatu
uwe ishara.
Mwenye jina ni mimi. Aliyenyamaza ni baba.
Siku arobaini na moja.

Mama akawa anasema kwa niaba yake:
baba yako anasema funga zizi,
baba yako anasema mvua haiji,
naye baba hajafumbua kinywa.
Alinitengea sufuria yangu, mama,
kisha akaitia mlenda uleule.
Wanakwaya walikuja kuchukua ngoma.
Niliwatolea mpaka mlangoni.
Ngozi yake ilikuwa bado na kivuli cha kiganja changu.

Machi. Mavuno, na mwezi wa mfungo.
Mistari kumi na minne ya mizabibu:
humo nilifundishwa kuhesabu,
mistari ya zabibu kwanza, ya Zaburi baadaye.
Saa nne lori la kiwanda husimama barabarani,
zabibu zinageuka mvinyo,
mvinyo ulikuwa ukigeuka ada yangu ya shule.
Siwezi kuukana huo.
Sikujua nifanye nini na mkasi,
nikaenda nao shambani alfajiri, nimefunga.

Maji ya zabibu yalinitiririka mpaka kwenye kiwiko,
nyuki wakayaona kabla yangu.
Sikulamba.
Baba alikata upande wa pili wa waya.
Mkasi wake ukisema, wangu unajibu,
na asubuhi yote hiyo
hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Tulipofika mstari wa mwisho, ule wa ukingo wa korongo,
akasimama, akashika waya.
"Mbukwa," akasema.
Si Bwana asifiwe, wala si salamu yangu mpya.
Salamu ya bibi yake,
aliyekufa hajui kusoma kitabu chochote.
Nikaitikia.
"Huu usiende kwenye lori," akasema.
"Mabati yapo nyuma ya ghala. Zianike."
Akaondoka kwenda kumhesabia dereva makreti.

Hatujapatana, msidhani.
Usiku huniombea kwa sauti,
ukuta wetu ni wa udongo, nasikia kila neno:
ananitaja mimi, anamtaja na mwana mpotevu,
halafu anakohoa, anaanza upya.
Jumapili hupita na Biblia kwapani
akitazama mbele kama njia ni nyembamba.

Lakini jioni moja, mfungo ukikaribia kwisha,
mama alileta kisahani,
zabibu sita, zimekunjamana nje, ndani bado laini,
akaniuliza kama jua limezama.
Nikatoka kutazama.

Baba alikuwa uani, uso magharibi,
mkono juu ya macho.
"Bado," alisema.